Je, Cooper Black ni herufi za kitoto? Jibu kwa mwoka mikate wa Morogoro

Swali: “Mwalimu, shikamoo. Nina bekari ndogo hapa Morogoro, tunaoka mikate, skonzi na maandazi. Kijana aliyenitengenezea nembo ameandika jina la bekari kwa herufi nene zilizovimba, anasema fonti hiyo inaitwa Cooper Black na alikuwa nayo tayari kwenye kompyuta. Mimi nimezipenda, lakini mume wangu anasema ni za kitoto na zinafaa chekechea. Nilikuwa nataka niziweke kwenye bango la duka, mifuko ya karatasi, orodha ya bei na fulana za wafanyakazi. Je, nizitumie kote huko? Na ninaruhusiwa, ilhali sijazinunua?”

Marahaba, dada yangu. Nitaanza na uamuzi wenyewe ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia: zitumie kwenye bango, kwenye fulana na kwenye uso wa mbele wa mfuko, lakini usizitumie kwenye orodha ya bei wala kwenye maelezo madogo ya viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mumeo hajakosea kuhisi kwamba herufi hizi zina mzaha ndani yake. Alipokosea ni kudhani kwamba mzaha huo ulikusudiwa watoto, na ili uweze kumjibu bila ugomvi itabidi nikueleze kwanza zilikotoka.

Oswald Bruce Cooper alizaliwa mwaka 1879 huko Mount Gilead, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, akakulia Coffeyville, Kansas, na akaanza kazi akiwa kijana wa kutumwatumwa katika kiwanda cha chapa. Alikwenda Chicago akitaka kuwa mchoraji wa picha, akajiunga na shule ya Frank Holme, na huko akagundua kwamba mkono wake ulikuwa mzuri zaidi katika herufi kuliko katika picha. Mwalimu wake wa somo hilo alikuwa Frederic Goudy, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wasanifu wa herufi mashuhuri kabisa wa Marekani. Mwaka 1904 Cooper na mwenzake Fred Bertsch walifungua karakana yao, Bertsch & Cooper, ambapo Bertsch alitafuta wateja na Cooper alikaa mezani akichora. Zama hizo vichwa vingi vya matangazo ya magazetini havikupangwa kwa herufi za risasi, yaani vipande vya chuma vya kuchapia, bali vilichorwa kwa mkono, tangazo moja baada ya jingine, na Cooper akajijengea jina kwa kazi hiyo. Herufi alizochora kwa ajili ya matangazo ya magari ya Packard zilipendwa mno hata kampuni ya American Type Founders ikazigeuza kuwa herufi za kuchapia mwaka 1913.

Cooper Black yenyewe ilitolewa mwaka 1922 na kiwanda cha kusubu herufi cha Barnhart Brothers & Spindler, hapohapo Chicago. Ilikuwa ndugu mnene wa fonti nyingine ya Cooper iliyotangulia, Cooper Oldstyle, ambayo ni ya unene wa kawaida na yenye adabu zote za herufi za vitabu. Kwa hiyo ukiondoa mafuta, chini yake utakuta mifupa ya herufi za Kirumi za jadi, zile zile ambazo vitabu vya heshima vimechapwa nazo kwa karne nyingi. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza kwa nini haionekani kuwa ya kipuuzi hata inapocheka. Fonti nyingi za kuchekesha zimeanza na kichekesho halafu zikatafuta umbo la kukibeba. Hii imeanza na umbo lililokomaa, kisha ikanenepeshwa na mtu aliyejua ni wapi pa kuongeza na wapi pa kuacha.

Waliolengwa walikuwa watu wazima wenye fedha mfukoni. Cooper mwenyewe alitania kwamba ni herufi ya wachapaji waonao mbali walio na wateja wasioona mbali. Biashara ya matangazo iliipokea kwa mikono miwili, na wachapaji wa msimamo wa kale, waliozoea kurasa nyepesi na za upole, wakaibandika jina la janga jeusi. Washindani hawakungoja: mwaka 1924 kampuni ya Ludlow ilitoa Ludlow Black, na mwaka 1925 kampuni ya Monotype ya Marekani ikatoa Goudy Heavyface, iliyosanifiwa na Goudy yule yule. Yaani mwalimu aliombwa amwige mwanafunzi wake. Sijui kama kuna sifa kubwa zaidi ya hiyo katika kazi hii yetu.

Sasa tuitazame kwa karibu. Mwambie kijana wako aandike neno “maandazi” kwa herufi ndogo, likijaze karatasi nzima ya A4 iliyolazwa, kisha ulichapishe na kulibandika ukutani. Anza na miguu ya m na n. Herufi za vitabu zina serifu, yaani vile vikanyagio vidogo kwenye ncha za miguu, na kwa kawaida serifu huwa na kingo kali na chini yake huwa bapa kama soli ya kiatu. Hapa serifu zimeumuka mpaka zimemezwa na mguu wenyewe, na hakuna kona hata moja iliyo kali. Herufi haisimami juu ya mstari, inakaa juu yake kama donge la unga juu ya kibao. Angalia kitone cha i, utaona kwamba si duara kamili bali ni yai lililoinamia upande. Kisha andika o pembeni na utazame tundu lake la katikati: nalo limeegemea nyuma, kushoto, kama mtu aliyeshiba na kujinyoosha kitini. Huo mwegemeo mdogo ndio siri ya tabia ya fonti nzima. Kalamu bapa inayoshikwa kwa mkono wa kulia huacha mwegemeo wa namna hiyo, kwa hiyo jicho linatambua mkono wa binadamu hata kama mwenye jicho hajui anachokitambua. Ukilisimamisha lile tundu likawa wima, o inageuka tairi.

Tazama pia jinsi matundu yote yalivyo madogo. Katika a, nyama nyeusi imelizunguka tundu dogo lenye umbo la tone, na katika e ufa mweupe ni mwembamba kiasi kwamba ukifumba jicho nusu unapotea. Wakati huohuo herufi ndogo ni ndefu zikilinganishwa na herufi kubwa, na mikia ya g, p na y imekatwa ikawa mifupi sana, kwa hiyo neno zima linasongamana na kuwa kitu kimoja kizito. Unene pamoja na ulaini ndio unaofanya kazi. Herufi nene zenye kona kali hupaza sauti kwa kuamrisha, kama zile za “HATARI” kwenye nguzo za umeme. Herufi nyembamba zilizopinda hunong’ona. Hizi zinapaza sauti ya mtu anayekuita kutoka ng’ambo ya barabara kwa sababu amefurahi kukuona, na kwa mwuza maandazi sioni sauti gani nyingine ingefaa zaidi.

Lipo jambo moja ambalo vitabu vya usanifu vilivyoandikwa kwa lugha za wengine havitakuambia, nalo linahusu Kiswahili chenyewe. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na a inajitokeza kupita herufi nyingine yoyote. Katika “maandazi” pekee zimo tatu kati ya herufi nane. Maana yake ni kwamba fonti yoyote utakayochagua, sura ya bango lako itaamuliwa na a ya fonti hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Ile ya Cooper Black ni nzuri kweli, ina mgongo uliopinda kwa heshima na tumbo dogo, na zikijipanga kadhaa katika neno moja hupatikana mdundo ambao Kiingereza hakiupati. Q na X, ambazo wapenzi wa fonti hupenda kuzisifia, wewe hutazihitaji kabisa. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba maneno yetu ni marefu. Matangazo ya Chicago ya zama za Cooper yalikuwa na maneno ya herufi tatu, nne, tano, na fonti hii ilitengenezwa kwa maneno ya namna hiyo. Sisi tukisema “tunawakaribisheni” tumeshatumia herufi 17 katika neno moja, ikiwemo w ambayo katika fonti nene hula nafasi kama abiria mwenye mizigo. Neno la urefu huo kwa Cooper Black ama litatoka nje ya bango ama itabidi lipunguzwe mpaka unene wake upoteze maana. Kwa hiyo jina la bekari liandikwe kwa herufi hizi, na karibisho liandikwe kwa herufi nyembamba za kawaida chini yake.

Niligusie kidogo suala la miaka ya 1960 na 1970, kwa kuwa ndipo ilipotoka hisia ya mumeo. Herufi za risasi zilipoanza kuachwa na nafasi yake kuchukuliwa na upangaji wa herufi kwa picha, pamoja na zile karatasi za herufi za kubandika kwa kusugua, Cooper Black ilipata maisha ya pili. Herufi ya risasi hukaa juu ya kipande cha chuma chenye kingo zake, na huwezi kuisogeza karibu na jirani yake kupita kingo hizo bila kukata chuma. Kwa picha mpaka huo haukuwepo, zikaweza kugusana na hata kupandana. Isitoshe, kwa kuwa miguu yake ni ya mviringo, aliyezibandika kwa mkono akikosea nusu milimita juu au chini hakuna aliyeona. Zikaenea kwenye majalada ya sahani za santuri, albamu ya Pet Sounds ya kundi la The Beach Boys ya mwaka 1966 ikiwa mfano unaotajwa sana, kwenye vichwa vya vipindi vya televisheni, na kwenye fulana, ambako herufi za kubandika kwa pasi zilikuwa mara nyingi za aina hii. Vipindi vingi vilivyozitumia vilikuwa vya kuchekesha, na ndiyo maana leo mtu akiziona anahisi kuchekeshwa hata pale panaposemwa jambo la kawaida. Huo si utoto bali ni kumbukumbu.

Mwaka 1995 shirika la ndege la easyJet lilianza safari zake Uingereza likiwa na jina lake kwa Cooper Black, herufi nyeupe juu ya rangi ya chungwa, na mpaka leo bado ziko ubavuni mwa ndege zake. Mwonyeshe mumeo picha ya ndege hizo. Ndege ni chombo ambacho mtu hukabidhi roho yake, na bado jina lake limeandikwa kwa herufi ambazo yeye anazipeleka chekechea. Zingatia pia kwamba jina hilo limeandikwa kwa herufi ndogo, isipokuwa J ya katikati, na halikuongezewa pambo lolote. Hesabu nyuma yake ni rahisi: shirika lililotaka kuonekana la bei nafuu bila kuonekana la wasiwasi lilihitaji sauti kubwa isiyokuwa na ukali. Bekari yako ina haja iyo hiyo kwa kiwango chake.

Sasa nikueleze mahali itakapokuangusha, na nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimsanifia mteja mmoja mfuko wa karatasi ya kahawia, ile karatasi ya kufungia mikate. Jina la duka lilikaa vizuri kwa Cooper Black, na mimi kwa kupenda ulinganifu nikaandika anwani na namba ya simu kwa fonti ileile, kwa ukubwa unaokaribia ule wa maandishi ya gazeti. Kwenye kioo cha kompyuta ilipendeza. Mifuko iliporudi kutoka kwa mchapaji, wino ulikuwa umetanuka ndani ya nyuzi za karatasi, kwa kuwa karatasi ya namna hiyo hunywa wino kama mkate unavyokunywa chai, na matundu ya a na e yalikuwa yamezibwa yote. Namba 8 na 6 zilikuwa hazitofautiani. Mteja alilazimika kuwaandikia watu namba yake kwa kalamu ya bluu juu ya mifuko ambayo tayari alikuwa ameilipia. Mchapaji hakuwa na kosa; karatasi ilifanya kile ambacho karatasi hufanya, na mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Kwa hiyo shika kanuni hii: Cooper Black ni ya maneno machache yaliyo makubwa. Likishakuwa dogo hadi unaona matundu yanaanza kufumba, neno hilo lihamishie kwenye fonti nyingine. Usiamini kioo cha kompyuta katika jambo hili. Chapisha kwenye karatasi ileile ya mfuko, hata kwa kulisha kipande chake katika printa ya ofisini kama inakubali, kisha kipeleke nje mwangani.

Orodha ya bei ina tatizo jingine, nalo si la wino. Hata ukiichapa kubwa ukutani, utakuwa na mistari kumi au kumi na tano ya vitu na bei zake, na kila mstari utakuwa unaita kwa sauti ileile. Mteja anayetafuta bei ya skonzi atalazimika kuchambua kelele zote hizo. Weka neno moja tu juu, kwa mfano “Leo”, kwa Cooper Black, na chini yake upange vitu vyote kwa herufi zisizo na serifu, za unene wa kawaida, kama Open Sans au Noto Sans ambazo hupatikana bure. Makosa wanayoyafanya wengi hapa ni kutafuta fonti ya pili ambayo nayo ni ya mviringo na ya kucheza, wakidhani zitafanana. Wachekeshaji wawili hawapandi jukwaani kwa wakati mmoja. Fonti ya pili iwe kimya kabisa, mpaka mtu asiione.

Kuhusu jina lenyewe, nakusihi usiliandike lote kwa herufi kubwa. Najua mabango mengi ya mitaani kwetu ni ya herufi kubwa tupu, na mteja hudhani kwamba kubwa ndiyo inayoonekana. Lakini karibu haiba yote ya fonti hii imo katika herufi ndogo, katika ile a, e na kile kitone cha i kilichoinama. Herufi zake kubwa zikijipanga zenyewe huwa kama masanduku mazito yaliyopangwa ghalani, na mumeo angekuwa na haki ya kulalamika. Herufi kubwa moja mwanzoni mwa kila neno inatosha, na hata hiyo unaweza kuiacha.

Halafu nafasi kati ya herufi. Kompyuta itaziacha zikiwa zimeachana kiasi kinachofaa maandishi ya kawaida, na kwa ukubwa wa bango nafasi hiyo hugeuka kuwa mapengo. Mwambie kijana azisogeze karibu mpaka ziwe karibu kugusana lakini zisigusane, na azisogeze kwa jicho, jozi baada ya jozi, si kwa namba moja kwa neno zima. Jozi ya “ka” na ya “va” huacha uwazi tofauti na jozi ya “nd”. Ukilitazama neno likiwa limegeuzwa juu chini utaona mapengo haraka zaidi, kwa sababu akili haiwezi tena kukimbilia kulisoma. Na endapo kuna “ng’” katika jina lako, kama ilivyo katika ng’ombe, akague ile alama ya juu. Kibodi hutoa kistari kilichonyooka ambacho katika fonti hii hukaa kama msumari uliosahaulika ukutani. Inatakiwa ile iliyopinda, yenye kichwa cha mviringo na mkia, ambayo inafanana na mkato uliopandishwa juu. Hilo ni jambo dogo, lakini katika bango la mita mbili ni kubwa kama kichwa cha mtu.

Rangi nitasema kwa kifupi. Herufi nene ina eneo kubwa la kubeba rangi, kwa hiyo hata rangi ambazo herufi nyembamba zingezififisha, kama njano iliyoiva au chungwa, hapa hubaki imara. Chagua rangi mbili, moja ya herufi na moja ya mandhari, ziwe zinatofautiana vya kutosha kuonekana hata katika picha isiyo na rangi. Usimruhusu mtu akuwekee kivuli, mstari wa pembeni, na mng’ao kwa pamoja. Cooper mwenyewe alishawahi kutengeneza toleo lenye mng’ao, Cooper Hilite, mwaka 1925, ambalo kila herufi ina mstari mweupe ndani yake kana kwamba taa inaimulika. Alilichora herufi moja moja, akijua mwanga unatoka wapi. Kitufe cha kompyuta hakijui hilo, na matokeo yake ni herufi zilizopakwa mafuta.

Kuna hofu moja ya kweli ambayo mumeo hakuitaja. Cooper Black huja pamoja na programu za Microsoft Office, kwa hiyo kila steshenari na kila kijana mwenye kompyuta anayo, na inawezekana kabisa kwamba kinyozi wa mtaa wa pili ataiweka kwenye bango lake kesho. Ukitaka kitu cha ukoo huohuo lakini kisichozoeleka sana, mwambie kijana ajaribu Fraunces, fonti iliyosanifiwa na Phaedra Charles na Flavia Zimbardi, ambayo imechota kutoka kwa familia ya Cooper na fonti nyingine za zamani kama Windsor na Souvenir. Uzuri wake ni kwamba unaweza kurekebisha unene wake na hata kiasi cha ulaini wa kingo zake, kama unavyopunguza au kuongeza moto wa tanuri. Wasanifu haohao wana nyingine, Caprasimo, ambayo ni nene tangu mwanzo na haihitaji kurekebishwa. Kama ningekuwa nakaa mezani na kijana wako, ningemwambia aandike jina kwa zote tatu na azibandike ukutani kwa wiki nzima. Hata hivyo, kama moyo wako umekwisha kuangukia Cooper Black yenyewe, usiiache kwa sababu tu wengine wanayo. Chumvi ya jirani haikuzuii kutia chumvi.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la ruhusa. Tofautisha vitu viwili: maumbo ya herufi yanayoonekana juu ya karatasi, na faili la fonti lililomo ndani ya kompyuta. Faili hilo ni programu, na lina leseni yake kama programu nyingine. Iwapo kijana alilipata kwa Office iliyonunuliwa kihalali, kuchapa jina lako kwenye bango, mifuko na fulana ni matumizi ya kawaida ambayo leseni ya namna hiyo huyaruhusu. Kisichoruhusiwa ni kumnakilia mtu mwingine faili hilo, au kulipandisha kwenye tovuti yako ili wageni walipakue bila kununua leseni ya matumizi ya tovuti. Kama alilipakua kutoka kwenye ukurasa usiojulikana, basi hana leseni, na mara nyingi faili za namna hiyo huwa zina herufi zilizoharibika pia. Fraunces na Caprasimo zote mbili zimetolewa kwa leseni huria, kwa hiyo huko huna wasiwasi hata kwenye tovuti. Kwa vyovyote vile, nembo ikishakamilika, kijana aigeuze iwe mchoro wa vekta, yaani maumbo matupu yasiyotegemea tena faili la fonti, kabla ya kuipeleka kwa mchapaji. Ikigeuzwa hivyo, mchapaji hahitaji kuwa na fonti hiyo, na kompyuta yake haiwezi kuibadilisha kwa nyingine usiku wa kuamkia siku ya ufunguzi.

Fulana zitakuwa kazi rahisi kuliko zote, kwa kuwa nguo hupenda herufi nene zisizo na ncha. Wino wa skrini hautapasuka haraka pale ambapo hakuna ncha nyembamba ya kuanzia kupasuka. Weka jina kifuani, si kubwa kupita kiganja kilichofunguliwa, na uache mgongo mtupu.

Bango nalo, nakushauri ulipe mchora mabango wa mtaani alichore kwa brashi ukutani badala ya kuchapa turubai. Turubai hupauka kwa jua, na herufi hizi asili yake ni mkono uliokuwa ukichora matangazo, kwa hiyo brashi inazijua. Mpe mchoraji jina likiwa limechapishwa kubwa, atoboe kingo zake na kupitisha unga wa mkaa ili apate alama ukutani, kisha ajaze rangi. Mafundi wa brashi wana tabia ya kusahihisha wanachodhani ni kosa la kompyuta, hivyo kaa naye mpaka afike kwenye o ya kwanza, na umwambie kwamba lile tundu limeinama kwa makusudi, asilinyooshe.